Risasi Ndani ya Dawa ya Shangazi

Mtihani wa mwisho nilifeli. Tena nilifeli vizuri, mpaka mwalimu mkuu akauliza kama siku ile kweli nilikuwepo. Mzee wangu nyumbani akatoa amri: shule zikifunguliwa narudia darasa. Na darasa lenyewe ndilo alilofika mdogo wangu wa kike! Yaani nikakae nyuma ya mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu? Afadhali nimeze msumari.

Wakati huo nilikuwa naosha vyombo kwenye maabara ya dada mmoja, jirani yetu, anayepima dawa za miti shamba. Nikampelekea unga wa mizizi anaotengeneza na kuuza shangazi. Unga huo nyumbani tunanyweshwa tangu tunaota meno. Ukipiga chafya tu, kikombe hiki hapa.

Kipimo cha kwanza shangazi alikuja kushuhudia mwenyewe. Dada akamwonyesha kisahani kilichotanda bakteria, katikati kikaratasi kilichochovywa dawa, na pembeni yake pote duara safi, halina kitu.

"Hapo wamehama?" shangazi akauliza.

"Wamekufa, mama."

Akanigeukia. "Unaona? Na wewe kazi kukunja uso!"

Alirudi nyumbani anatembea kama bibi harusi.

Kipimo cha pili kikaharibu sherehe. Mashine ikasema unga una risasi, haya madini ya kwenye betri za magari, tena kupita kiasi. "Asinywe mtu," dada akasema. "Hasa watoto. Risasi inadumaza akili, mtoto hashiki masomo."

Nikaacha kuosha. "Hashiki nini?"

"Masomo."

Nyie! Nilitoka mbio na glavu mikononi.

"Mzee, kumbe sio kosa langu! Nimelishwa risasi!"

"Dawa yangu?" shangazi akaruka. "Babu yako kainywa mpaka kafa na meno yake yote!"

"Ndiyo sayansi, shangazi."

"Mbona na mimi nainywa," mdogo wangu akadakia, "na nimekuwa wa kwanza?"

"Nyamaza, wagonjwa wanaongea."

Mzee akakuna kidevu. Naapa alishaanza kulainika. "Kama mtoto alipewa sumu," akasema polepole, "tutafikiria upya." Moyoni nikapiga vigelegele.

Kesho yake dada akaja kutafuta risasi ilikotokea. Kinu? Cha mti. Maji? Ya bomba, hayohayo tunayokunywa wote. "Na unaanika wapi?"

Shangazi akatupeleka uani. Mizizi ilikuwa imelala juu ya mlango mkuukuu wa kijani, rangi inabanduka kama magamba ya samaki. Dada akakwangua kidogo, akachukua na mizizi mibichi, akaenda kupima. Akarudi na jibu: mizizi haina neno, rangi ndiyo imejaa risasi.

"Umeanza lini kuanikia hapa, mama?"

Sema zamani, shangazi, nikaomba kimoyomoyo. Sema tangu sijazaliwa.

Shangazi akamtazama mzee. "Tangu huyu kaka yangu alipoung'oa kwa teke."

"Teke la nini?"

"Si siku matokeo ya huyu yalipotoka!"

Mdogo wangu akakunja vidole, akawaza. "Kwa hiyo hakufeli kwa sababu ya risasi. Risasi imeingia kwa sababu alifeli."

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta.

Shangazi hakucheka. Wateja wake walikuwa na ule unga majumbani. Akanitwika ndoo tupu kichwani. "Twende tukaukusanye. Watu wakapime damu, halafu niwatengenezee mwingine, wa kuanika kwenye mkeka."

"Kwa nini mimi?"

"Chanzo ni nani?"

Basi kila mlango tukibisha, mwenye nyumba anauliza dawa imefanyaje, na shangazi hajui kufupisha. Anaanzia mwanzo: "Huyu unayemwona alifeli mtihani..." Watu wanatoka jikoni kuja kunitazama. Wengine wanaita na watoto.

Tulipofika nyumba ya mwisho, mimi mwenyewe nilimuuliza shangazi shule zinafunguliwa lini.