Sharubati ya Maua ya Mlimau

Mpishi aliinama juu ya sufuria kwa mara ya sita, akavuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma. Wapi. Angenusa ukuta yangekuwa yale yale.

Tangu yale mafua ya wiki tatu pua yake ilikuwa imekufa, na hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mpishi asiyesikia harufu ni sawa na fundi cherehani asiyeona tundu la sindano. Na maua ya mlimau hayaendi kwa saa. Unayachuma asubuhi umande haujakauka, unayatumbukiza kwenye maji ya sukari yaliyopoa, unafunika kwa kitambaa, halafu unangoja harufu ya ua igeuke ya asali. Papo hapo unachuja. Ukichelewa kidogo tu, sharubati inakuwa chungu kama shubiri. Ya Alhamisi ilikuwa chungu. Wageni waliacha bilauri zimejaa, na mama mwenye nyumba ya wageni akasema kwa upole, upole uliomtisha zaidi: "Ikiwa vile tena Jumapili, jiko nitampa wifi yako."

Jumapili ndiyo leo. Na wifi mwenyewe, dada wa mumewe, alikuwa pale kwenye karai akisugua vyombo. Miaka minne jiko moja, na hawajawahi kucheka pamoja.

Mpishi alikwenda mlangoni, akarudi. Akafunua kitambaa, akafunika. Akapanga vijiko vilivyokwisha pangwa.

"Utaitoboa sakafu," wifi alisema.

"Niache."

"Husikii harufu, sivyo?"

Kijiko kilimponyoka. "Nani kakwambia?"

"Vitunguu viliungua umevisimamia, unaimba. Nani aliyezima moto? Na maziwa yaliyochacha, nani aliyeyamwaga?" Wifi alijifuta mikono. "Alhamisi tu sikuwepo, nilikuwa kliniki."

Mpishi aliona aibu, kisha hasira, kisha woga mtupu. Pua iliyobaki jikoni ni ya huyu; akidanganya neno moja tu, jiko ni lake.

"Si ungeniacha nianguke, uwe mpishi wewe?"

"Mimi? Nikose usingizi kwa ajili ya maua?" Wifi akainama juu ya sufuria. "Bado."

Ukumbini viti vilianza kuburutwa. Wageni walikuwa wanakaa.

"Sasa?"

"Bado, wifi."

Sauti ya mama mwenye nyumba ikaita sharubati. Mpishi alishika pembe za kitambaa, lakini hakufunua. Aliitazama pua ya wifi yake, akangoja.