Tairi Si Maziwa

Gari lilikuwa limekalishwa juu ya mawe manne katika uwanja wa kituo cha ukaguzi, na Bi Honi alikuwa amesimama kando yake, ameshika mkoba wa mtoto ambaye hakukumbuka hata ni yupi. Watoto wenyewe walikuwa wameshushwa na kupangwa ukutani na sare zao, wakitazama matairi yakivuliwa kwenye rimu na kubingirishwa moja moja kuelekea stoo. Yule wa chekechea alilia kimyakimya. Alidhani gari limeuawa.

"Haya yamezeeka," alisema afande mkaguzi.

"Ni mapya, afande. Mwezi haujaisha tangu niyanunue. Risiti hii hapa."

Afande hakuipokea. Aliliinamia tairi la mwisho, akaweka kidole juu ya tarakimu nne zilizochapwa ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, akamsomea polepole kama anayemsomea mtoto mzito wa kichwa. Tairi lile lilitoka kiwandani kabla nusu ya watoto wale hawajazaliwa.

"Umri wa tairi unahesabiwa tangu litoke kiwandani, mama. Sheria haijui risiti."

Kisha akashusha sauti, akasema kwamba binadamu huzungumza. Bi Honi alimwelewa vizuri sana. Mkono mtupu haulambwi, na wa kwake asubuhi ile ulikuwa na risiti tu, basi akaendelea kuinyoosha ile risiti kama mjinga. Afande akachoka, akaandika karatasi kwamba matairi yamekamatwa na kuteketezwa kwa moto, akampa nakala.

"Ukanunue mengine kwenye duka linalotambulika," akasema, akamwandikia jina la duka nyuma ya karatasi.

Bi Honi akalisoma. "Ndiko nilikonunua haya."

"Basi unakujua."

Jina la Bi Honi alipewa na watoto, kwa sababu kila geti alilofika alipiga honi mara mbili na kungoja mama mtu atoke na chai mdomoni. Gari lilikuwa la mumewe. Kiharusi kilipomwangusha mume na kumpoozesha upande mmoja, mke alijifunza kuendesha katika umri ambao wenzake walikuwa wakingojea wajukuu, majirani wakichungulia madirishani kumcheka. Aliwaacha wacheke. Gari lile bovu bovu, dogo kama kabati, ndilo lililoleta unga na dawa, na shule ilikuwa imempa mkataba wa kubeba watoto wa mtaa wake.

Na tarehe alikuwa ameziangalia. Hilo ndilo lililomuuma. Mumewe alimwonya kabla hajatoka nyumbani: tazama kwanza tarakimu, ndipo umtazame muuzaji usoni. Alizitazama, akamuuliza mwenye duka, ambaye mtaa mzima humwita Tajiri, na Tajiri akacheka mpaka akajifuta macho.

"Tairi si maziwa, mama. Halichachi. Umri wa tairi unahesabiwa tangu liguse lami."

Maduka mengine hayakuwa na saizi ya kigari kile, na shule ilikuwa inafunguliwa kesho yake. Akakubali. Alipofika nyumbani, kabla fundi wa duka hajaja kuyafunga kwenye rimu, alifanya kama mumewe alivyofanya miaka yote. Alipasha msumari moto na kuchoma kijimsalaba kwenye kila tairi, chini ya mdomo wake, mahali ambapo hakionekani mpaka tairi livuliwe. Madereva wengi hufanya hivyo. Wapo mafundi ambao ukiwaachia tairi zima wakuzibie pancha, wanakurudishia maiti ya tairi la mtu mwingine.

Shuleni, mwalimu mkuu alimkaribisha kiti na kumpa pole kwa sauti ya upole kabisa. Akasema anaelewa, yeye pia ni mama. Akasema vilevile kwamba kuna bwana mmoja mwenye gari kubwa anayeulizia ile njia, na kwamba wazazi hawawezi kuvumilia kupita Jumatatu. Bi Honi alishukuru, akatoka. Jumatatu haikuwa mbali.

Nyumbani alitaka kumficha mumewe, lakini mtu aliyelala kutwa husikia kila kitu. Alikuwa amesikia kwamba honi haikulia jioni ile. Baada ya kuambiwa alisema kwa ule upande wa mdomo uliobaki kuwa wake, "Uza kiti."

Kiti chenyewe kilikuwa cha magurudumu, kilichonunuliwa kwa michango ya ndugu, na ndicho kilichompeleka kibarazani kila alasiri kuona watu. Bi Honi akasema haiwezekani.

"Mimi nina safari gani?" akasema mume. "Gari ndilo lenye safari."

Mnunuzi alikuja siku hiyo hiyo. Kilipokuwa kinasukumwa nje, mume alikifuata kwa macho mpaka mlangoni, akamwambia mnunuzi kwamba gurudumu la kushoto linataka upepo. Wote wawili walicheka. Bi Honi alikwenda jikoni akalia, akanawa uso, akarudi.

Jumamosi alikuwa dukani na rimu zake nne. Tajiri alikuwa kwenye simu, akamnyooshea fundi kidole tu. Fundi, jina lake la kazini Msumari, akaleta matairi manne meusi ti, yamepakwa rangi ya kung'arisha, yamezungushiwa utepe wa karatasi kama zawadi ya harusi. Bi Honi alitafuta tarakimu. Zilikuwa zile zile. Akasita, akaingiza kidole chini ya mdomo wa tairi la kwanza, akapapasa.

Msalaba ulikuwepo. Kwenye la pili ulikuwepo. Hakuhitaji kupapasa la tatu, lakini alipapasa, kisha la nne. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba.

"Haya ni yangu," alisema.

Tajiri alimwomba mtu wa kwenye simu asubiri. "Ya kwako yalichomwa moto, mama. Si unayo karatasi ya afande? Au unasema afande ni mwongo?" Akamnyooshea simu. "Huyu hapa. Mwambie mwenyewe."

Ile simu ilikaa hewani baina yao. Sauti ya mwanamume ilisikika ndani yake ikisema halo, halo. Bi Honi aliijua. Alifikiria mlango wa stoo ya kituo, bwana mwenye gari kubwa, chupa ya dawa iliyobaki matone, na mtu mmoja ambaye sasa hawezi tena kufika kibarazani. Alitamani kuipokea simu ile na kumtukania mtu mamaye. Hakuipokea.

"Unachukua au nimpe mwingine?" aliuliza Tajiri. "Saizi hii ina watu."

Akachukua. Akalipia mali yake mara ya pili, akapewa risiti nyingine.

Msumari alifanya kazi bila kuinua macho. Alipomaliza gurudumu la kwanza alimwambia kwa sauti ndogo kwamba amelifunga kinyume. Tarakimu huchapwa ubavu mmoja tu wa tairi. Zikitazama ndani, chini ya gari, hakuna wa kuziona.

"Kwa nini mara ya kwanza hukunigeuzia?"

Msumari alipangusa mikono kwenye ovaroli.

"Mara ya kwanza niliambiwa zitazame nje, mama."

Waliyapeleka magurudumu kituoni kwa mkokoteni, gari likateremshwa kwenye mawe, likaruhusiwa kwenda nyumbani. Stika ya ukaguzi ingebandikwa Jumatatu na afande mwenyewe. Jioni honi ililia mara mbili nje ya mlango, na mume akajaribu kuinuka kitandani kwa kiwiko.

"Umeangalia tarehe?"

"Nimeangalia."

"Na alama umetia?"

"Ipo," alisema Bi Honi.

Mume akatabasamu kwa nusu ya uso, akajilaza, na kwa mara ya kwanza wiki ile akapata usingizi.

Jumatatu watoto walikuwa wamejaa ndani, wa chekechea mbele, wakiimba. Afande aliwasimamisha pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea shuleni. Alizunguka gari polepole, hakuinama hata mara moja. Akabandika stika kwenye kioo, akailainisha kwa kidole gumba, kisha akalipiga teke la urafiki tairi la mbele.

"Sasa haya ndiyo matairi, mama."

Akawapigia watoto saluti. Watoto wakafurahi sana, wakampigia makofi, na wa chekechea akamshukuru kwa kuwarudishia gari lao. Bi Honi akaingiza gia, akashika usukani kwa mikono yote miwili, akaanza nao kuteremka.