Evariste Iko "Late"

Mesaji iliingia asubuhi ya Jumapili, siku ya Mungu. Ukungu wa mwezi wa sita ulikuwa bado umelala juu ya ziwa, na hapa Nchelenge, upande wa Zambia, hakuna aliyeweza kusema maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Emilienne alikuwa amepiga magoti mbele ya mbabula, anapuliza makaa ya chai, telefoni ikatetemeka ndani ya fundo la kikwembe chake. Ilitoka kwa Chomba, muvuvi wa Mununga. Evariste, bwana yake Emilienne, alikuwa amekwenda huko kumutengenezea moteri ya mutumbwi. Alipaswa kurudi jana.

Chomba anajua Kiswahili cha kuuza samaki tu, cha kuandika hakijui. Kwa hiyo aliandika Kingereza: "Evariste is late. We bring him today by boat."

Emilienne alisoma ng'ambo, Congo, mpaka darasa la sita. Kifaransa anacho kidogo. Kingereza, hapana. Akalitazama lile neno "late" kama mutu anavyotazama mugeni asiyebisha hodi. Kwanza akaona Chomba alitaka kuandika "leta", kidole kikateleza. Evariste analeta kitu. Halafu akakumbuka "lait", maziwa, ile ya Kifaransa, na mutu asiyeisoma angeiandika namna hii hii. Basi ni maziwa. Evariste analeta maziwa. Mara ya mwisho walikunywa chai ya maziwa ilikuwa Pasaka. Akaongeza maji ndani ya birika, akaanza kuimba.

Eneless, jirani yake, mama wa Thelma, akapita kuomba chumvi. Yeye ni mutu wa hapa hapa, Kingereza anakijua cha kutosha kugombana nacho.

"Soma, Bana Thelma," Emilienne akamuambia. "Bwana yangu analeta maziwa."

Eneless akasoma. Akasoma tena. Kisha akakaa chini. Kiti kilikuwa pale, mukeka ulikuwa pale, yeye akakaa kwenye vumbi, miguu ameinyoosha, na mutu akikaa hivyo kwenye uwanja wako bila kuambiwa, hujawahi kusikia kutoka kwake habari ya maziwa.

"Mama Emilienne, kaa."

"Nikae kwa sababu gani?"

"Huku kwetu, bakisema mutu iko late, ni kusema alishakufa. Tata aliyenizaa iko late. Dada yangu wa Kawambwa iko late. Na ona hapa, banamuleta. Mutu muzima anajileta mwenyewe."

Emilienne akampigia Chomba. Telefoni imefungwa. Akapiga mara ya pili na ya tatu, na kila mara mwanamuke mumoja wa ndani ya telefoni akamujibu kwa Kingereza, kwa adabu nyingi, bila kumusaidia kitu.

Eneless alikuwa ameshashika kopo la maji. Nyumba ya kilio haipiki. Moto wa mwenye nyumba unazimwa, majirani wanawasha wao uwanjani. Akainama juu ya mbabula. Emilienne akatia mukono kati ya maji na makaa.

"Acha moto wangu."

"Mama, ni desturi."

"Desturi itangoja. Hata yeye tunamungojaka."

Ndipo ba Lloyd akafika, muzee wa miwani, aliyekuwa akipima samaki kwenye mizani hapo Kashikishi. Alikuwa amesikia sauti za wanawake. Akasoma mesaji akiwa ameishika mbali, mukono wote umenyooka.

"Late ni kuchelewa," akasema. "Gari ikichelewa iko late. Miye mwenyewe nilikuwa late kwa kazi miaka kumi na tisa, na munaniona."

"Bon," Emilienne akasema, akapumua.

"Ba Lloyd," Eneless akauliza polepole, "na ule bibi yenu wa kwanza, kwa Kingereza munamuitaka nani?"

Muzee akatoa miwani. Akaifuta kwa shati.

"My late wife," akasema. Halafu, kwa sauti ndogo: "Lakini ule naye alikuwa anachelewaka."

Hakuna aliyecheka. Emilienne aliwaza: Hawa Waingereza walipungukiwa nini? Sisi kwa kufa peke yake tuna kufa, kufariki, kututoka, kulala, kupumzika, kuitwa na Mungu, na mutu anachagua kulingana na vile alivyompenda marehemu. Wao, mutu aliyekufa na mutu aliyesimama njiani kwa kinywaji wanagawana neno moja, kama ndugu wawili wenye suruali moja. Leo amevaa nani?

Akashuka pwani. Moto akauacha unawaka, na ba Lloyd akabaki kuulinda.

Chisense, dagaa za ziwa hili, zilikuwa zimeanikwa mchangani, ndogo ndogo, nyeupe, kama mwezi umevunjika. Emilienne akasimama ukingoni, na ndani ya ukungu akawaona Evariste wawili. Mumoja ameketi Mununga, anasimulia, chai imepoa mbele yake kwa maneno. Mwingine amelala chini ya mutumbwi, amenyamaza, na huyo ndiye aliyemutisha, maana Evariste hajawahi kunyamaza mbele ya watu. Akimwangalia huyu, yule anafifia. Akimrudia yule, huyu anangoja. Hakujua avae kitambaa cheusi au akanunue sukari. Siku ya harusi yao huyu mutu alifika padri ameshavua kanzu.

"Hata kufa utachelewa," akayaambia maji, kwa kuyajaribu. Maji yakalamba vidole vyake.

Nyuma yake habari ilikuwa imetembea. Wamama wa kanisa walifika pamoja na Eneless, vitambaa kichwani, wakaketi mchangani. Hawakujua waimbe wimbo gani, kwa hiyo waliimba kwa kufunga midomo, wimbo ambao ukitaka ni wa kilio, na ukitaka ni wa ibada tu.

Moteri ikasikika kwanza. Halafu ukungu ukamutoa Chomba, amesimama nyuma, ameshika usukani, na katikati ya mutumbwi kitu kirefu kimefunikwa hema la buluu, hakisogei.

Eneless akapiga yowe la kwanza. Wengine wakamufuata.

Emilienne hakulia. Aliingia majini na kikwembe chake cha siku ya Mungu, mpaka magoti, mpaka kiuno. Baridi ikamushika tumbo. Akashika ubao wa mutumbwi, akafunua hema. Uso ule ule. Mudomo wazi. Akanyoosha mukono, akamushika sikio.

Lilikuwa la moto.

Akaendelea kulishika. Chomba akazima moteri, na kwenye kimya kilichobaki pwani yote ikamusikia Evariste anavyokoroma.

Kimya ndicho kilichomuamsha. Akaketi, akapangusa macho, akaona wamama wengi mchangani na vitambaa vyao, na bibi yake ndani ya maji.

"Nani alikufa?" akauliza.

"Ni weye."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu saa mbili."

Evariste akawatazama waombolezaji, mumoja mumoja. Akavua kofia.