Ukuta Uliozunguka Jiko la Mama

Ngojeni nitege kwanza, hadithi haikimbii. Niko uwanjani ila sichezi, mpira wanigonga ila sisemi uchungu, na wachezaji wakinikaribia mate yanawatoka. Mimi nani?

Msijisumbue. Ni jiko la mama yangu.

Walipojenga uwanja wa besiboli katika mtaa wetu wa Wapolandi hapa Toledo, mwenye uwanja alinunua nyumba zote za safu yetu isipokuwa ya baba. Baba aligoma. Basi ukuta wa upande wa kushoto ukaja ukaja, ukafika jikoni kwetu, ukapinda, ukalizunguka jiko, kisha ukarudi kwenye mstari wake kama mtu aliyepisha kitanda cha mgonjwa. Dirisha letu likabaki linatazama majani mabichi ya uwanja, na mama akawa anakanda unga wa pierogi, sambusa zetu za kuchemsha, huku watu maelfu wanapiga kelele upande wa pili wa pazia.

Timu ngeni hazikuuweza ule ukuta. Mpira ukigonga upande wa tanuri, uliruka mbali hadi kwenye mlingoti wa bendera. Ukigonga chini ya dirisha, ulidondoka pale pale kama ndege aliyechoka. Vijana wetu walijua yote hayo. Yule aliyelinda upande wa kushoto alikuwa akiegemea dirishani wakati wa mapumziko.

"Mama Zofia, leo umepika nini?"

"Nimepika aibu, kama ile uliyotupa juzi. Mpira unakuja mkononi unauachia!"

Halafu anampa pierogi mbili za viazi, kijana anazila kwa pupa, siagi inamtiririka hadi kwenye kiwiko.

Uwanja wenyewe wote ulikuwa wa ajabu. Katikati palikuwa na kilima, mchezaji anakimbia huku anapanda. Waliokaa nyuma ya nguzo waliona nusu ya mchezo, nusu nyingine walisimuliwa na jirani, na nadhani ndiyo maana mtaa huu tunapenda kusema. Viwanja vya siku hizi nimevitazama kwenye televisheni. Vizuri, safi, ila vimekatwa sawasawa kama mkate wa dukani.

Ule wetu waliubomoa, na nyumba yetu pamoja nao. Sasa ni lami ya kuegeshea magari mbele ya duka kubwa. Lakini sisi wazee mpaka leo tunaelekezana kwa uwanja. Daktari wa meno yuko besi ya pili, kile kituo cha pili cha wakimbiaji. Mwoka mikate yuko kilimani, ingawa kilima kilisawazishwa zamani, na akina dada wanaosuka maua ya kanisani wako kwenye mlingoti wa bendera.

Hapo ndipo kaka yangu Bronek alipoingia matatani. Karani mmoja kijana wa dukani alimkuta amesimama penye magari, akamuuliza, "Babu, unakaa wapi?" Bronek akajibu, "Nyuma ya besi ya tatu." Karani akaona mzee amepotewa na akili. Namba ya simu ya Denise, binti wa Bronek, imeandikwa ndani ya kofia ya mzee, karani akampigia. Denise akaja kutoka Arizona na begi kubwa tupu la nguo za baba yake.

"Shangazi Jadzia, siwezi kulala," aliniambia tukinywa chai. "Kule kwangu kuna chumba, kuna jua. Nitaondoka naye."

"Besi ya tatu ni Mtaa wa Weber, mwanangu. Hata mimi ningejibu hivyo."

"Ule uwanja ulivunjwa hata sijaanza shule!"

"Kwa hiyo?"

Akacheka kidogo, hakupenda. Tukakubaliana hivi: kesho asubuhi Bronek aende kununua mkate peke yake, sisi tumfuate kwa nyuma. Akienda na kurudi salama, begi litarudi tupu. Mimi sikumwambia Denise kwamba nilikuwa naogopa kuliko yeye. Bronek akienda Arizona, hapa nabaki na nani wa kukumbuka naye?

Asubuhi ilikuwa na ukungu mwembamba, lami inang'aa kama ziwa. Bronek alitembea vizuri, mikono nyuma. Alipofika katikati ya magari akaacha njia iliyonyooka, akapinda kulia, akaenda kidogo, akapinda tena.

"Umeona?" Denise akaninong'oneza. "Anazunguka hewa."

"Anazunguka jiko letu. Hapiti ndani na viatu, mama atamtukana."

Alifika kilimani, akanunua mkate wa shayiri nyeusi, akatoka. Moyo wangu ukaanza kutulia. Lakini wakati wa kurudi, pale kwenye kona ya jiko, akasimama. Akavua kofia. Akainua mkono kama anatuliza watu.

"Kimya," alisema peke yake. "Mama anafungua dirisha."

Denise akanishika mkono. "Shangazi. Anatania?"

Neno moja tu lilitakiwa. Ningesema ndiyo, kaka angebaki. Nilimtazama pale kwenye ukungu, uso wake umeinuka kama wa mtoto anayengoja kupewa kitu.

"Sijui," nilimjibu. "Kweli sijui, mwanangu."

Denise akamwendea baba yake taratibu, nami nyuma yake.

"Baba, dirisha liko wapi?"

"Sogea kwanza, umesimama kwenye sinki." Denise akasogea. "Hapo sasa. Unasikia?"

"Nasikia magari."

"Sikiliza chini ya magari."

Tukasikiliza sote watatu. Sitawadanganya, mimi nilisikia mfuniko wa sufuria.

"Mama alikufa, Bronek," nilisema polepole.

"Najua, Jadzia, jeneza nililibeba mimi, wewe ulibeba maua." Akavaa kofia yake. "Siku nyingine najua mpaka jioni. Siku nyingine nasahau, halafu nakumbuka upya, na hiyo inauma. Lakini hapa ndipo nasahau bila kuogopa. Huko Arizona nikisahau, nitakuwa nimesahau wapi?"

Denise aliinamisha kichwa kwenye bega la koti la baba yake. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu.

"Basi hulali peke yako tena. Hilo sibishani."

"Nani wa kulala naye? Huyu? Huyu anakoroma kama treni ya mizigo!"

"Na wewe unanuka vitunguu," nilimwambia. "Tutavumiliana."

Chumba changu cha kushonea nimempa kaka, cherehani nimeihamishia sebuleni. Kitanda chake kilikwama mlangoni, Denise akasukuma, mimi nikavuta, na Bronek akakaa kwenye kiti akitupa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Asubuhi ya kwanza alipiga ukuta kwa fimbo. Chai, alisema, haina limau.