Mstari Nilioufumua

Jumatatu, tarehe 11 Machi. Asubuhi ilikuwa na manyunyu, na vioo vya ofisi vilishika ukungu.

Nilibakiza siku tatu za majaribio ya kazi. Nilishona nguo miaka ishirini na miwili kabla ya kujifunza kompyuta katika masomo ya jioni, ndiyo maana wenzangu huniita Mama Cherehani. Tunatengeneza programu inayowatumia wagonjwa wa zahanati ujumbe wa simu, kuwakumbusha siku ya kurudi kwa daktari.

Nilisali kimoyomoyo, nikaketi. Hata chai sijaionja, msimamizi wetu, kijana wa rika la kifungua mimba wangu, akatueleza kuwa zahanati imelalamika. Wagonjwa kumi na mmoja walikuwa wameitwa na ujumbe wetu waje jana, Jumapili, wakakuta kufuli mlangoni. Mmoja ni bibi anayetembelea mkongojo.

Mcheshi wetu, tunayemwita Profesa, alisema labda mtambo wa ujumbe umeamka vibaya. Wakacheka, wakaanza kumtafuta fundi wa mtambo wamlaumu.

Mimi nilikumbuka. Ijumaa nilikuta ndani ya programu mstari mmoja usio na maelezo: ikiwa ni siku ya saba, ongeza moja. Nikauona takataka, nikaufuta bila kuuliza. Kumbe programu yetu huhesabu Jumapili kuwa siku ya saba, na mstari huo ndio uliokuwa ukiisogeza kwenda Jumatatu. Ningenyamaza, pengine siku tatu zingepita salama. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na Mungu niliyetoka kumwomba alikuwa bado ananisikiliza.

"Wanangu, mwacheni fundi," nilisema. "Niliufuta mimi."

Profesa akauliza taratibu, "Mama Cherehani, ungekuwa mshono, ungeufumua hivyo?"

Swali lile liliniingia. Niliomba niruhusiwe kurekebisha mwenyewe. Niliurudisha mstari, nikaandika pembeni kazi yake, nikaujaribu kwa Jumapili zote za mwaka. Zote zilihamia Jumatatu. Kufika adhuhuri, msimamizi alikuwa amekagua kila kitu.

Akawaita wote mezani kwangu. Alisema kiti ni changu, siku tatu tuzisahau, ila anataka neno langu wote wakisikia.

Nilisimama. "Mbele ya Mungu na mbele yenu, sitafumua tena mshono kabla ya kugeuza nguo nione umeshika nini. Na yule bibi nitampigia mimi mwenyewe, sasa hivi, nimwombe radhi."