P Yenye Mkia

Asubuhi ile ya mwaka 2007, gazeti lilikuwa bado linanuka wino Naala alipoliona kosa, na kikombe cha kahawa kikamponyoka. Tangazo lilikuwa ukurasa wa mbele: mabomu ya ardhini yameondolewa, malisho ya Apanra sasa ni salama.

Lakini yaliyosafishwa ni ya Aphanra.

Mdomoni majina hayo hayakaribiani, kama paa la nyumba lisivyokaribiana na p'aa wa porini, anayetamkwa kwa pumzi. Katika maandishi ya Kiabkhazi, lugha ya watu wa milima ya Kaukazi, kinachoyatenga ni mkia mdogo chini ya herufi moja. Naala, mpangaji kurasa wa gazeti la wilaya, alikuwa ameuweka mkia huo kwa mkono wake.

"Batal!" alimwita fundi wa kompyuta. "Umeifanya nini p yangu?"

Batal alitazama, uso ukamsawijika. "Herufi ile bado haijapewa namba ya kuitambulisha kwenye kompyuta za dunia, dada. Hapa tunaishi nayo kwa ujanja wetu. Mashine mpya ya kiwanda cha uchapaji haiujui ujanja huo. Imekuta isichokijua, ikaweka p ya kawaida."

"Bila kuuliza?"

"Mashine iulize nani?"

Simu ikalia. Alikuwa mama mkwe wake, furaha imemjaa kooni. "Naala mwanangu, Mungu mkubwa! Baba yenu kasoma gazeti, hata ugali hakumaliza. Kachukua fimbo, kaenda kuyaona malisho yake ya Apanra. Tangu vita hajayakanyaga!"

Batal aliendesha gari kama mwenye wazimu. Naala aliketi kando yake, masikio yakingoja mshindo. Na ndani ya hofu hiyo ilijificha nyingine, ya aibu zaidi. Tangu alipoingia nyumba ile akiwa bibi harusi, hakuwahi kutamka neno mbele ya Mzee Kiazim. Alimwandalia meza, alisimama kila mzee alipoingia, lakini sauti yake mzee hakuijua. Ndivyo mkwe anavyomheshimu baba wa mumewe. Wapo wanawake waliozikwa na kimya hicho, wakasifiwa kwacho makaburini.

Walimkuta mlimani. Alikwisha kuvuka waya wa kuzuia watu, ulioanguka siku nyingi, anapanda taratibu kati ya miiba, fimbo ikipima ardhi laini mbele yake.

Batal alipiga honi. Mzee hakugeuka; kwake honi zilikuwa za vijana wasio na kazi.

Naala alifungua mdomo, pakatoka pumzi tupu. Ni kana kwamba mabibi wote wa ukoo walikuwa wameizuia sauti. Fimbo ikainuka tena.

"Aphanra!" alipiga kelele. "Siyo hapo! Ni Aphanra!"

Pumzi ya herufi ile ilipasuka bondeni. Mzee Kiazim aliganda, mguu mmoja hewani. Akageuza shingo polepole, akamtazama mkwe wake kama mtu aliyesikia jiwe likisema.

"Rudi ulikopita, baba," Naala alisema. "Nyayo zako mwenyewe. Usikanyage pengine popote."

Akarudi. Aliutafuta kila unyayo kwa macho mabovu, akiuweka mguu ndani yake kama anayevaa kiatu cha mtu mwingine. Mara moja aliyumba, Batal akafumba macho. Alipouvuka waya, midomo yake ilikuwa myeupe.

Naala aliinamisha kichwa, akingoja kukemewa.

"Gazeti limefika wapi?" mzee aliuliza.

Ilikuwa bado rahisi kurudi kimyani. "Vijiji vyote, baba."

"Na wenye ng'ombe wa upande huu unawajua?"

"Ninawajua."

"Basi usininyamazie sasa. Wapigie."

Akapiga, mzee amesimama kando yake, akilisikiliza jina likitamkwa kila mara kwa pumzi yake kamili. Nyumba ya kwanza ilipokea, ikashukuru. Ya pili pia. Nyumba iliyo karibu zaidi na mlima, simu iliita. Ikaita, hakuna aliyepokea. Mzee Kiazim alivua kofia. Batal akawasha gari kwenda huko, na Naala, simu sikioni, akaendelea kusikiliza mlio ule.