Goti Lililojibu Lenyewe

Jumanne asubuhi Nadra alishuka ngazi za nyumba yao ya Sokomuhogo kwa makalio, kidato kwa kidato, na mama yake, Mwatum, akimtangulia na viatu vyake mkononi. Goti la kulia lilikuwa limevimba tangu alipoanguka skuli kwenye mpira wa pete. Hospitali daktari wa upasuaji alikuwa anakuja kutoka nje ya nchi, na atakaowaona ni wale tu ambao majibu yao ya maswali yataonyesha wana hali mbaya.

Huko hospitali Anuar, kijana wa utafiti, alikuwa na karatasi mbili za maswali, moja ndefu, moja fupi. Kazi yake kuzilinganisha, ajue ipi inampima mgonjwa vizuri zaidi.

"Goti likoje wiki hii?"

"Alhamdulillah," akajibu Nadra, macho chini. Ndivyo alivyolelewa. Mtu akikuuliza hali, humwagii machungu yako.

"Ngazi?"

"Napanda, nashukuru."

"Muongo huyo," likasema goti, kwa sauti ya mtu mzima. "Jana kachutama chooni, kainuliwa na mamake na jirani. Na kusali anasali kitini. Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba. Mwambie, mwanangu, mwambie."

Anuar hakuinua kichwa. "Maswali haya hujibiwa na mgonjwa mwenyewe. Goti si mgonjwa."

"Ah! Mgonjwa nani basi, mie?" akauliza Mwatum.

"Tena Bi Mwatum, hapa hapana swali la kuchutama. Lipo la kutoka kwenye hodhi la kuogea."

"Nani Sokomuhogo anaoga kalala?"

Karatasi mbili zikaafikiana vizuri sana: Nadra hana neno. Anuar akaenda kulieleza hilo chuoni Tunguu, wakampigia makofi. Hakuna aliyezilinganisha na goti.

Mwatum hakunyamaza. Alikwenda, akarudi, akagomba mlangoni pa hospitali mpaka mlinzi akawa anamwita kwa jina. Mwisho watu wa utafiti wakakubali. Haya, goti liletwe, liulizwe lenyewe.

Lakini muda wote huo goti lilikuwa likiishi na watu. Wageni walikuja na machungwa kumtazama mgonjwa, wakimwamkia Nadra wakiliamkia na goti. Mwanzo lilikuwa likilalama. Bi Tahiya, jirani wa chini, akalikemea: "Ndo adabu gani hiyo? Mgeni hajakaa, ushamtapikia maradhi!" Goti likaona haya.

"Goti," akauliza Anuar siku lilipoletwa, "hali yako?"

"Alhamdulillah, sijambo. Na wewe, watu wa nyumbani hawajambo?"

"Sema kweli, we!" Mwatum akaipiga meza. "Si ulilia jana mpaka alfajiri?"

"Nashukuru, Bi Mwatum," likasema goti kwa upole. "Si vibaya."

Anuar akaandika. Sasa majibu yalikuwa matatu na yote yameafikiana. Daktari alikuja, akaona watu wake, akaondoka.

Mwenye mtoto na amwambie mapema: huko wakimuuliza, aseme panapouma, adabu aivue mlangoni pamoja na viatu. Nadra bado anashuka kwa makalio. Jirani akipishana naye ngazini huuliza kama goti halijambo, na goti huwahi kujibu, vizuri kabisa, kabla yake.